Kupiga kambi kwenye kisiwa kidogo bila hekaheka: mwongozo kamili wa hatua 10

Malalamiko ya watu wanaorudi kutoka kambi ya kisiwani yanafanana. Hema lililowa usiku wa kwanza. Maji ya kunywa yalikwisha kabla ya siku ya kuondoka. Upepo uling'oa vigingi vyote saa nane za usiku. Boti ya kuwarudisha ilichelewa, na hakuna aliyejua afanye nini. Walikwenda kupumzika, wakarudi wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kambi ya kisiwani ina sharti moja ambalo kambi ya bara haina: ulichokisahau hukipati. Hakuna wa kumtuma, hakuna gari la kurudia. Kwa sababu hiyo kazi karibu yote hufanyika nyumbani na katika saa tatu za mwanzo baada ya kushuka botini. Ukizitumia vizuri, siku zinazobaki hazina kazi zaidi ya kula, kuogelea na kulala mchana. Ukianza kwa kuogelea, utafanya kazi safari nzima.

Vipimo humu ni vya watu wanne wanaolala kisiwani siku mbili na kuondoka siku ya tatu. Kisiwa ni kile unachoweza kukizunguka kwa miguu chini ya saa moja, kisicho na kisima wala duka. Mkiwa wengi zaidi, zidisheni.

## Vitu vya kuandaa

Maji. Hiki ndicho kipengele kinachowaangusha wengi, kwa hiyo fanya hesabu kwa kalamu. Kila mtu lita 4 kwa siku, za kunywa, kupikia na kupigia mswaki. Watu wanne kwa siku tatu ni lita 48. Ongeza siku moja nzima ya akiba, lita 16. Jumla lita 64.

Yagawe kwenye madumu ya lita 5 na lita 10. Dumu la lita 20 linaonekana la maana hadi ulibebe mchangani, na likipasuka umepoteza karibu theluthi ya maji yenu kwa mpigo. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo mwambie nahodha mapema kwamba kuna kilo 64 za maji pekee.

Malazi.
- Hema lenye wavu wa mbu, na kifuniko cha juu cha mvua
- Turubai la kutandika chini ya hema, na turubai kubwa la ziada la juu, mita 3 kwa 4
- Mifuko mitupu 10 ya nguo au ya nafaka, yenye ukubwa wa kuingiza kilo 5 hadi 8 za mchanga
- Kamba ya mita 30, unene wa milimita 4 hadi 6
- Sepeto ndogo
- Mikeka au magodoro membamba, na shuka. Baharini usiku huwa na baridi kuliko unavyodhani

Jiko. Jiko la gesi na mtungi wa akiba, sufuria mbili, kisu, viberiti viwili vilivyofungwa mahali tofauti, na ndoo ya chakula yenye kifuniko kinachokaza.

Usafi. Ndoo nyingine yenye kifuniko kwa ajili ya choo, maranda au majivu, karatasi, sabuni, na mifuko mizito ya taka, miwili zaidi ya unavyofikiri.

Usalama. Jaketi la kuokoa maisha kwa kila kichwa, kisanduku cha huduma ya kwanza, sukari na chumvi, filimbi, kioo kidogo, tochi za kuvaa kichwani (zenye taa nyekundu ikiwezekana), simu mbili ndani ya mifuko isiyopitisha maji na betri ya akiba. Kama kisiwa hakina mtandao, tafuta redio ya VHF, ile ya kuzungumzia baharini, na ujifunze kuitumia kabla ya safari. Chaneli 16 ndiyo ya kuitia msaada baharini.

Viatu vya kuingia navyo majini havina mbadala. Chupa za glasi ziache nyumbani. Spika nayo, kwa maoni yangu.

## Hatua ya 1: Omba ruhusa, kisha tazama mwezi

Kisiwa kisicho na watu hakimaanishi kisiwa kisicho na mwenyewe. Vingi ni hifadhi, vingine ni mali ya mtu, vingine wavuvi huvitumia kwa msimu. Uliza mamlaka ya eneo mambo matatu: je, kulala kunaruhusiwa, moto unaruhusiwa, na kuna sehemu zilizofungwa kwa ajili ya ndege au kasa? Pata majibu kwa maandishi kama yanapatikana.

Baada ya ruhusa ndipo unachagua tarehe, na tarehe huchaguliwa kwa mwezi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Kati yake, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayapandi wala kushuka kwa kiasi kikubwa. Kwa wanaoanza, maji mafu ni rafiki. Eneo salama la kupiga hema huwa pana, na boti huhangaika kidogo kuingia na kutoka. Utakosa usiku wa mbalamwezi, lakini utalala pakavu.

Chukua jedwali la kujaa na kupwa la eneo hilo na uandike saa za siku zote tatu. Sehemu nyingi za dunia hupata maji kujaa mara mbili kwa siku, kwa mwachano wa takribani saa 12 na dakika 25. Ndiyo maana kila siku maji hujaa kama dakika 50 baadaye kuliko jana yake. Ukifika maji yakiwa makavu kwenye pwani yenye mwamba mpana, mtabeba lita 64 za maji juu ya miamba inayoteleza. Muulize nahodha ni saa ngapi boti hufika hadi mchangani.

Lenga kushuka kabla ya saa sita mchana. Saa za mwanga zilizobaki ndizo zitakazojenga kambi.

Mwisho, utabiri wa upepo. Upepo wa fundo 11 hadi 16 (kama kilomita 20 hadi 30 kwa saa) tayari hujaza bahari mawimbi yenye vichwa vyeupe, na boti ndogo iliyojaa mizigo haina raha humo. Utabiri ukifika hapo, ahirisha. Nahodha akisema hapana, usimbembeleze.

Umefaulu ukiwa na: ruhusa, tarehe, na karatasi yenye saa za maji kujaa na kupwa kwa siku zote.

## Hatua ya 2: Kubaliana na nahodha kama watu wa biashara

Maneno "njoo utuchukue Jumapili" si makubaliano. Kisiwa kidogo kina pande zaidi ya moja, na Jumapili ina saa nyingi.

Mnachokubaliana ni upande gani hasa wa kisiwa, siku gani, saa ngapi kulingana na maji, na nini kitafanyika bahari ikichafuka siku hiyo. Jibu la kawaida liwe: atakuja maji yanapojaa tena mchana unaofuata, nanyi mtabaki palepale. Akiba ya maji ya siku moja ipo kwa ajili ya jibu hilo. Pata namba ya nahodha wa pili. Sehemu ya malipo ibaki hadi mfikishwe nyumbani, na jambo hilo lisemwe wazi mapema ili lisigeuke ugomvi ufukweni.

Kisha mwachie ndugu au rafiki wa bara karatasi yenye majina yenu, jina la kisiwa, namba za manahodha, na saa kamili ambayo asiposikia neno kutoka kwenu ataanza kupiga simu. Asiachiwe aamue mwenyewe. Mtu asiyepewa saa husubiri sana kwa kuona haya kusumbua watu.

## Hatua ya 3: Funga mizigo kwa mpangilio wa kufungua

Kitakachohitajika kwanza kikae juu: viatu vya majini, kofia, turubai, kamba, sepeto, kisha hema. Nguo na matandiko yaingie kwenye mifuko isiyopitisha maji. Ukikosa hiyo, mifuko miwili mizito ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja umekunjwa mdomo na kufungwa.

Madumu machache ya maji yagandishe siku moja kabla na uyaweke kwenye kasha la barafu pamoja na chakula kibichi. Yatapoza chakula siku ya kwanza na kunyweka siku ya pili. Usiyajaze hadi mdomoni, maana maji yakiganda hutanuka na kupasua dumu.

Botini maji hukaa chini na katikati. Jaketi huvaliwa kabla boti haijaondoka. Likiwa chini ya mizigo halina kazi.

## Hatua ya 4: Zunguka kisiwa kabla hujafungua hema

Hapa ndipo kambi nyingi huharibika, na huharibika kwa uvivu. Watu hushuka, wanaona mchanga mweupe ulio mbele yao, wanatupa mizigo na kusimamisha hema hapohapo. Pwani inayofaa kuegesha boti mara chache ndiyo inayofaa kulala.

Rundika mizigo kivulini, mahali pa juu. Mmoja abaki nayo, wengine mzunguke kisiwa chote. Angalieni haya.

Mistari ya mwani. Maji yakijaa huacha mstari wa mwani, vijiti na takataka. Mara nyingi utaona mistari miwili. Wa chini ni wa jana au leo. Wa juu, mkavu zaidi, ni wa bamvua au dhoruba iliyopita. Wanaolowa huwa wamepima kwa mstari wa chini. Pima kwa wa juu, halafu panda tena hadi uwe kama mita moja ya kimo juu yake. Mahali penye vichaka na mimea itambaayo iliyoshika mizizi pameachwa na bahari kwa muda mrefu, na hiyo ni dalili nzuri.

Usidanganywe na umbali. Maji hayajai kwa mwendo mmoja. Chukua mahali ambapo hupanda mita 3 kwa saa sita: saa ya kwanza hupanda kama sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha 50, kisha 25. Anayetazama saa ya kwanza husema maji yako mbali, akaenda kulala. Kwenye ufuko uliolala, sentimita 75 za kimo ni hatua nyingi sana za mchanga.

Upepo. Upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, hauna mbu wengi lakini hema halitatulia. Upande wa demani umetulia, lakini una joto na mbu. Tafuta kona iliyo katikati ya hizo, penye kichaka cha kuvunja nguvu ya upepo bila kuuzuia kabisa. Kumbuka pia kwamba mchana upepo huelekea kutoka baharini kwenda nchi kavu, na usiku mara nyingi hugeuka au kufa.

Juu ya kichwa. Matawi makavu, na nazi. Kivuli cha mnazi wenye nazi si kivuli cha kulala.

Chini ya miguu. Ndege wengi wa baharini hutaga mchangani bila kujenga tundu, na mayai yao hufanana na kokoto. Ndege wakianza kukupigia kelele na kukushukia kichwani, umeingia kwao, rudi ulikotoka. Ukiona alama pana zinazotoka majini hadi kwenye mchanga mkavu, kama zilizopitwa na tairi la trekta, huyo ni kasa aliyepanda kutaga. Nendeni pwani nyingine. Penye matundu mengi ya kaa, hamtalala kwa mikwaruzo. Bonde dogo linalovutia kwa kujificha upepo ndilo litakalokusanya maji ya mvua.

Mkimaliza, chomekeni kijiti ufukweni maji yanapofika yakijaa mchana huo. Kitawasaidia kukisia usiku, mkijua kwamba kujaa kwa usiku kunaweza kupita kwa mchana.

Umefaulu ukiwa na sehemu moja ambayo kila mmoja wenu anaweza kueleza kwa nini imechaguliwa.

## Hatua ya 5: Simamisha hema mchangani

Vigingi vya kawaida vimetengenezwa kwa udongo. Mchanga mkavu hauvishiki, hata ukivigonga hadi mwisho. Mifuko ile mitupu ndiyo itakayofanya kazi hiyo.

1. Sawazisha eneo kwa miguu na viganja. Ondoa mawe, mizizi na vipande vya matumbawe. Lala hapo dakika moja bila hema. Mgongo utakuambia zaidi ya macho.

2. Tandika turubai la chini, ukingo wake uishie ndani ya kivuli cha hema. Likichungulia nje, mvua itateleza juu yake na kuingia chini yenu.

3. Elekeza upande mwembamba wa hema kwenye upepo. Mlango uwe upande wa pili, au ubavuni.

4. Jaza kila mfuko mchanga, funga mdomo, kisha funga kamba ya hema katikati ya mfuko. Chimba shimo la sentimita 40, laza mfuko humo, funika, kanyaga kwa nguvu, mwagia maji ya bahari, kanyaga tena. Mchanga uliolowa na kushindiliwa hushika kuliko mkavu. Kamba itoke ardhini kwa mlalo, ielekee hema. Ikitoka wima itauvuta mfuko juu.

5. Jaribu kila kamba kwa kuivuta ukijiegemeza nyuma kwa uzito wa mwili. Ikisogea, fukua na uchimbe zaidi. Jaribio hili lifanywe mchana, maana upepo utalifanya usiku bila kukuuliza.

6. Tandaza turubai kubwa juu ya hema, likiacha nafasi ya kama sentimita 30 kati yake na paa. Hewa hupita hapo na kupunguza joto sana. Upande mmoja uinamishe kuelekea ndoo tupu: milimita moja ya mvua juu ya turubai la mita 3 kwa 4 ni lita 12 za maji.

7. Acha matundu ya hewa wazi, hata mvua ikinyesha. Pumzi za watu wanne ndani ya hema lililofungwa hugeuka matone juu ya nguo, na asubuhi mtadhani hema linavuja.

Weka mkeka na beseni dogo la maji ya bahari mlangoni. Mchanga ukiingia ndani siku ya kwanza, hautoki hadi siku ya kuondoka.

Umefaulu kama upepo ukipiga kitambaa kinatetemeka lakini hakipigi makofi, na nguzo hazihami.

## Hatua ya 6: Jiko na chakula

Jiko likae angalau hatua 10 kutoka kwenye hema, upande ambao upepo unaelekea, ili cheche na harufu viende mbali nanyi. Lizungushie kizuizi cha upepo, bila kuufunika mtungi. Mtungi uliofungiwa kwenye joto ni hatari.

Onyo: jiko haliingii ndani ya hema, iwe mvua iwe baridi. Moto kwenye nafasi iliyofungwa hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawaamki.

Kama moto wa kuni unaruhusiwa, uwashe chini ya mstari wa maji kujaa, uwe mdogo, na usiuzungushie mawe yaliyolowa wala matumbawe: maji yaliyonaswa ndani hugeuka mvuke na jiwe hupasuka kwa kishindo. Magogo yaliyooshwa na bahari yana chumvi, na moshi wake una sumu. Usiyatumie kuchomea chakula. Moto uzimwe kwa maji, kamwe si kwa kuufukia mchanga. Makaa yaliyofukiwa hubaki na joto kwa saa nyingi, na atakayeyagundua ni mtoto anayetembea pekupeku.

Mpango wa chakula ni mwepesi: kibichi siku ya kwanza, kinachostahimili siku ya pili, kikavu siku ya tatu, pamoja na mlo mmoja wa akiba usiohitaji kupikwa. Panya na kaa wa visiwani hutoboa mfuko wa plastiki kwa usiku mmoja. Chakula chote, na taka za chakula, viingie kwenye ndoo inayokaza, ining'inizwe tawini.

Vyombo sugua kwa mchanga na maji ya bahari, kisha suuza kwa kikombe kimoja tu cha maji baridi.

## Hatua ya 7: Choo

Watu hukwepa kulizungumza, kisha siku ya pili kisiwa kizima kinalizungumza. Ushauri wa bara ni kuchimba shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua 70 kutoka kwenye maji. Kwenye kisiwa kidogo hatua 70 kutoka kwenye maji zinaweza kukupeleka kwenye maji ya upande wa pili, na udongo mwembamba hauozeshi kitu haraka.

Kwa hiyo: ndoo yenye kifuniko, mfuko mzito ndani, maranda au majivu baada ya kila matumizi, yote yarudi bara. Izungushieni shuka mahali pa faragha upande wa demani. Maranda ya kutosha huondoa harufu karibu yote. Mikono inaoshwa kwa sabuni kila mara, maana tumbo la kuhara kisiwani huharibu hesabu ya maji ya watu wote.

Likitokea hata hivyo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Anywe kidogo kidogo, mfululizo.

## Hatua ya 8: Sasa pumzikeni, lakini kwa saa za bahari

Kazi imekwisha. Yanayobaki ni mambo machache ya kujizoesha.

Maji yakiwa makavu, tembeeni miambani mkiwa na viatu. Hakikisheni mmejua saa ambayo maji yanageuka, ili yasiwakatie njia ya kurudi. Maji yakijaa, ogeleeni. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi alasiri jua ni kali zaidi na mchanga hulirudisha usoni, kwa hiyo huo ndio muda wa kivuli, usingizi na vitabu. Mafuta ya kukinga jua yapakwe upya kila baada ya saa mbili, na kila mtokapo majini.

Asiogelee mtu peke yake. Mkishikwa na mkondo unaovuta kuelekea bahari kuu, msishindane nao. Ogeleeni sambamba na ufuko hadi mtoke ndani yake, ndipo mrudi. Mkondo huo kwa kawaida si mpana. Wanaozama ni wale wanaochoka wakiupinga.

Mkiingia majini penye mchanga, burueni nyayo badala ya kunyanyua miguu. Samaki aina ya taa hujificha chini ya mchanga, na akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa, huchoma. Aliyechomwa atumbukize mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kustahimili bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, kisha atafutiwe daktari. Mwiba uliozama ndani sana usiung'oe.

Mtu mmoja awe mwenye maji. Kila asubuhi atenge lita 16 za siku, na madumu mengine yafungwe. Kila mtu aangalie mkojo wake: wa rangi ya njano iliyokolea ni dalili ya kunywa zaidi, hata kama hana kiu.

Usiku tumieni mwanga mwekundu na mchache. Mwanga mweupe huwapoteza vifaranga vya kasa wanaotafuta bahari, na huwaletea nyinyi wadudu.

## Hatua ya 9: Mambo yakigeuka

Radi. Hesabu sekunde kati ya mwanga na ngurumo; kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikipungua, tokeni majini na ufukweni, muondoke chini ya mti uliosimama peke yake na mbali na nguzo za hema. Kaeni kwenye vichaka vifupi, mkiachana.

Boti haikuja. Siku ya akiba imeanza, na mliipanga. Kaeni pamoja, kivulini. Pikeni vitu visivyotumia maji mengi. Jaribuni simu kwa saa maalumu, siyo kila dakika. Ishara ya filimbi ni milio 6 kwa dakika, kisha kimya dakika moja, kisha tena. Kioo kinachorudisha jua huonekana mbali sana. Kielekezeni kwenye chombo chochote kinachopita.

Msijaribu kuogelea kwenda bara, hata pakionekana karibu. Wala msinywe maji ya bahari: lita moja ina takribani gramu 35 za chumvi, na mwili hutumia maji mengi kuitoa kuliko ulivyoyapata.

## Hatua ya 10: Kuondoka

Anzeni jioni ya siku ya mwisho kwa kufunga vyote visivyohitajika usiku. Asubuhi hema lianikwe hadi likauke kabla ya kukunjwa. Fukueni mifuko yote 10 na muihesabu, mwage mchanga, mfukie mashimo. Kasa na vifaranga wao hunasa humo.

Kisha pangeni mstari, hatua tatu kati ya mtu na mtu, mpite kambi yote mkiokota. Vipande vya kamba na vifuniko vidogo ndivyo husahauliwa zaidi. Muwe ufukweni na mizigo nusu saa kabla ya saa ya boti. Maji yaliyobaki msiyamwage hadi mshuke bara.

Mkifika, mpigieni yule mliyemwachia karatasi, kabla hajaanza kupiga simu za dharura. Siku hiyohiyo osheni hema, zipu na jiko kwa maji baridi na muanike kivulini. Chumvi iliyoachwa kwenye zipu kwa wiki moja huifanya ikwame, na zipu ndiyo sehemu ya hema iliyo ngumu zaidi kutengeneza.